Mtoto Ana Homa, Kipimo Kimesema Malaria: Usifunge Daftari Bado

*Mwongozo kwa muuguzi aliye peke yake zamu, kati ya Jinja na Mbale*

"Musawo, ana omusujja."

Ukifanya kazi katika kituo chochote cha afya kando ya barabara ya Tirinyi, maneno hayo utayasikia kabla hujavua koti la mvua. Jjajja, yaani bibi, ameshuka kwenye boda boda akitoka upande wa mashamba ya mpunga. Mtoto yuko mgongoni, na mkononi kuna daftari la shule, ambalo huku kwetu ndilo faili la mgonjwa. Neno alilolitaja lina mtego. Kwa Kiluganda omusujja ni joto la mwili, na omusujja huohuo ndiyo malaria. Anayetaka kutofautisha huongeza "gw'ensiri", yaani wa mbu. Kiswahili nacho hakiko mbali, maana homa ni dalili na homa ni ugonjwa. Jjajja ametaja dalili, wewe umesikia jina la ugonjwa, na kalamu imeshafika katikati ya neno "malaria" kabla mtoto hajavuliwa shati.

Mwongozo huu unahusu dakika zinazofuata.

Kwa nini kipimo peke yake hakitoshi

Katika ngazi za afya za Uganda, kituo cha II hakina daktari. Muuguzi ndiye anayeuliza, anayepima, anayetaja ugonjwa na anayetoa dawa. Kituo cha III kina tabibu na maabara ndogo, lakini tabibu akienda semina, mzigo unakurudia. Daktari na chumba cha upasuaji vinaanzia kituo cha IV. Kwa hiyo usijione msaidizi wa mtu anayefikiri. Anayefikiri ni wewe.

Kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, hujibu swali moja: je, ndani ya damu hii kuna protini ya kimelea? Swali lako ni jingine: je, malaria ndiyo inayomuuguza mtoto huyu leo? Busoga na Bukedi ni nchi ya malaria, na watoto wengi hutembea na vimelea bila kuugua. Mtoto wa namna hiyo akishikwa na nimonia, mstari wa pili utatokea vilevile. Tena vipimo vingi tulivyonavyo hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyemaliza Coartem, dawa ya malaria, wiki mbili zilizopita anaweza kukupa mstari mzuri kabisa hali malaria ilishaondoka.

Sisemi uache kumtibu mwenye homa na kipimo chanya. Mtibu. Kosa ni kuishia hapo.

Nimewahi kuishia hapo mimi mwenyewe, katika kituo ambacho sitakitaja. Msichana wa mwaka mmoja na nusu, kipimo chanya, Coartem, nenda nyumbani. Alirudishwa usiku wa pili mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi. Nilipolifungua daftari lake nikitafuta hesabu ya pumzi ya siku ile ya kwanza, haikuwepo. Sikuwa nimehesabu.

Hatua, kwa mpangilio wake

1. Tazama foleni kabla hujaita jina. Pita kwenye benchi. Dalili za hatari kwa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5 ni nne: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege katika ugonjwa huu, amelegea au hana fahamu. Mwenye hata moja kati ya hizo hakai foleni. Usiulize tu kama ananyonya, mwambie mama amnyonyeshe mbele yako. Wengi hujibu "ananyonya" kwa sababu jana alinyonya.

2. Muulize aliyelala naye. Anayemleta si lazima awe ndiye anayemjua. Jjajja akisema mama yuko sokoni Mbale, omba simu umpigie. Maswali ni machache: imeanza lini, ilianza na nini, anakohoa, anaharisha, mkojo una rangi gani, amepewa dawa gani. Kwa hilo la mwisho usikubali jina, omba pakiti. "Nionyeshe, jjajja, hata kama ni moja tu imebaki." Dozi mbili za Coartem kutoka duka la dawa si matibabu, ila zinatosha kukuvuruga. Uliza pia juu ya mitishamba, na uulize kwa upole. Ukifoka leo, kesho hatamwambia mtu yeyote. Na kama Kigisu hukijui, tafuta mkalimani mtu mzima. Usimtume mtoto wa darasa la nne akuulizie habari za choo cha mdogo wake.

3. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapodanganya zaidi. Mtoto awe ametulia, hanyonyi, halii. Pandisha shati mpaka kwapani. Chagua sehemu moja inayocheza vizuri, tumbo au kifua cha chini, na usihamishe macho. Weka simu kwenye saa ya kuhesabu, sekunde 60. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne: ukikosea pumzi mbili umekosea nane, na nane ndizo zinazotenganisha mzima na mgonjwa. Akianza kulia kwenye sekunde ya 40, subiri atulie na uanze upya.

Ukimaliza kuhesabu, usishushe shati. Tazama mbavu za chini. Mtoto anapovuta pumzi, zinatoka nje au zinabonyea ndani? Zikibonyea kila pumzi akiwa ametulia, umepata jambo. Kisha sikiliza namna ya pumzi yenyewe. Mtoto wa malaria kali mara nyingine hupumua kwa kina, kama aliyetoka kukimbia, na ukimsikiliza mapafu ni safi. Hiyo ni asidi kwenye damu, na ni dharura kama nimonia ilivyo dharura.

4. Shika mikono. Fungua kiganja cha mtoto uweke kando ya kiganja cha mama, si chako ikiwa umetoka kuosha kwa maji baridi. Kimepauka kidogo, au kimekuwa kama karatasi? Kisha bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie, uhesabu. Damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mikono ni baridi, mzunguko wa damu umelegea.

Ukiona hivyo, mkono wako mwingine utataka kufungua dripu na kuiachia ikimbie. Uzuie. Kati ya 2009 na 2011 hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, Mbale ikiwa mojawapo, zilishiriki jaribio la FEAST kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliolegea. Wengine walimiminiwa maji mengi kwa haraka mwanzoni, wengine hawakumiminiwa. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyomiminiwa, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikumiminiwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, Januari 2011. Vitabu vya dunia nzima vilikuwa vikifundisha kinyume, na waliolitoa jibu ni watoto wa wodi kama ya Mbale. Angalizo: waliokaushwa na kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo. Mtoto anayeharisha, macho yamezama, ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole, ana mpango wake wa maji, na huyo usimnyime.

5. Kutoka utosini hadi unyayoni, haraka. Shingo inakunja? Sikio linatoa usaha, au nyuma yake pamevimba? Vipele vya surua? Macho ya manjano? Mikono au miguu iliyovimba na kuuma, ambayo mara nyingi ndiyo siku ya kwanza familia inapokutana na selimundu? Fungua mdomo. Ukikuta fizi zina kidonda cha kukwanguliwa, mtoto ametolewa kile ambacho Tanzania huita meno ya plastiki na huku huitwa ebiino. Kidonda hicho ni mlango wa vijidudu na njia ya kupoteza damu. Usigombane na mtu, andika, tibu. Malizia na utepe wa mkono kwa aliyetimiza miezi 6: chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu.

6. Mkojo. Miongozo mingi haiiweki hatua hii mbele namna hii. Sisi wa mashariki tuna sababu. Katika FEAST, watoto waliokuja na mkojo mweusi wengi walitoka Mbale na Soroti. Chembe za damu zinapasuka, rangi inashuka kwenye mkojo, na mtoto anaweza kuishiwa damu ndani ya siku moja. Mama wa huku hasemi "damu kwenye mkojo". Husema ni kama chai ya rangi, au kama Coca-Cola. Usitegemee maelezo. Mpe kikopo cheupe, tazama mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha. Mkojo wa aina hiyo pamoja na kiganja kilichopauka ni safari ya kwenda panapoongezwa damu, leo, hata kama mtoto anakutazama na kutabasamu.

7. Sasa ndiyo mRDT. Matone ya dawa yawe idadi iliyoandikwa, na usome kwa dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ya pakiti, mara nyingi 15 au 20. Mstari unaotokea baada ya wewe kunywa chai na kurudi si jibu. Ikiwa alimaliza dawa ya malaria ndani ya mwezi mmoja, kipimo hiki hakikufai. Omba darubini kwenye kituo cha III.

8. Kabla ya kuandika jina, jiulize matatu. Ni ugonjwa gani unaoelekea zaidi? Ni upi, nikiukosa, utamuua kabla ya kesho? Na ni kitu gani hapa ambacho hakikubaliani na jina nililolichagua? La tatu ndilo lenye faida kubwa na ndilo tunalolikimbia. Kipimo chanya na pumzi 54 kwa mtoto wa miaka miwili havikubaliani na malaria nyepesi. Basi andika yote mawili, tibu yote mawili. Hakuna aliyekuambia mtoto anaruhusiwa ugonjwa mmoja kwa siku.

> BANDIKA UKUTANI
>
> Pumzi za haraka, kwa dakika moja:
> – chini ya miezi 2: 60 au zaidi (hesabu mara mbili)
> – miezi 2 hadi 11: 50 au zaidi
> – miezi 12 hadi 59: 40 au zaidi
>
> Oksijeni kwenye kidole: chini ya 90, mpe oksijeni au mpeleke ilipo
>
> Sukari ya damu: chini ya 3 mmol/L, tibu sasa. Huna mashine na mtoto amelegea? Chukulia imeshuka. Vijiko 4 vya chai vya sukari, visawazishwe, ndani ya maji safi ml 200. Anayemeza apewe ml 30 hadi 50 kabla ya safari. Asiyemeza asinyweshwe, apewe kwa mrija wa puani.

Mtoto mchanga ni habari nyingine

Chini ya miezi 2, sahau karibu yote niliyoyasema juu ya kipimo. Mtoto huyu akiacha kunyonya vizuri, akiwa na joto la kwapani la 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi, mbavu zikibonyea sana, au akisogea tu unapomgusa, hatafutiwi jina. Anapewa dozi ya kwanza ya antibiotiki na kupelekwa.

Mbale wanajua gharama ya kumkosa. Hospitali ya watoto ya CURE hupokea watoto wenye vichwa vilivyojaa maji kutoka kila pembe ya nchi. Mwaka 2005 daktari wake, Benjamin Warf, alichapisha habari za watoto 300 wa aina hiyo: kwa asilimia 60 chanzo kilikuwa maambukizi, na wengi wao waliugua katika mwezi wa kwanza wa maisha. Yaani homa iliyoonekana ndogo, mtoto aliyepona akarudi nyumbani, na miezi miwili baadaye kofia haimtoshi.

Kwa hiyo, kila mtoto aliyeugua akiwa mchanga, akija kwa chanjo mpime kichwa. Utepe upite juu ya nyusi na kuzunguka sehemu iliyotokeza zaidi nyuma. Andika namba na tarehe kwenye kadi, pima tena ziara ijayo. Kichwa kinachokimbia kuliko mwili, utosi uliovimba, macho yanayoelekea chini kama jua linalozama: mpeleke Mbale, usingoje aanze kutapika.

Makosa tunayoyarudia

*"Malaria na taifodi."* Pacha huyu anaishi kwenye nusu ya madaftari ya Jinja. Kipimo cha Widal kikifanywa mara moja tu kinaonyesha mwili uliwahi kukutana na vijidudu jamaa wa taifodi, pengine miaka iliyopita. Homa ya siku mbili na Widal chanya si taifodi.

*Kuamini homa imeshuka.* Amepewa panado barabarani. Uliza alipewa saa ngapi kabla ya kuandika 36.8.

*Kumchunguza mtu mzima kama mtoto.* Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye homa au maumivu ya tumbo huulizwa kwanza siku zake za mwisho. Kikohozi cha wiki mbili ni makohozi kwenda kupimwa kifua kikuu. Mvuvi wa ziwani mwenye tumbo linalouma muda mrefu akumbushe kichocho. Mengine nayaachia mwongozo mwingine.

*Artesunate ya njia ya haja kubwa kugeuzwa tiba.* Kwa mtoto chini ya miaka 6 inanunua muda wa kufika hospitali. Joto hushuka, mtoto huchangamka, na familia hughairi safari. Mwambie jjajja hilo kabla hujaitoa: "Ataonekana amepona. Hajapona. Twende."

Kabla hajatoka mlangoni

☐ Dalili nne za hatari zimeulizwa na kutazamwa
☐ Pumzi zimeandikwa kama namba, si "kawaida"
☐ Kiganja, shingo, masikio, mdomo na mkojo vimetazamwa
☐ Dozi ya kwanza amemeza mbele yako, na hajaitapika kwa nusu saa
☐ Aliyemleta amerudia kwa lugha yake mambo yatakayomrudisha hapa usiku huu
☐ Siku ya kurudi imetajwa: baada ya siku 3 homa ikiendelea, mapema zaidi akizidi

Ukimpeleka hospitali

Barua ya rufaa isiyo na kitu ila "malaria kali, tafadhali msaidie" inamlazimu muuguzi wa Nalufenya, hospitali ya watoto ya Jinja, au wa Mbale kuanza upya saa nane za usiku. Jihadhari na hiyo saa nane pia. Sisi na jirani zetu Waganda tunahesabu saa kutoka alfajiri, hospitali inaandika kwa saa 24, na dozi ya pili ya artesunate inategemea saa ya dozi ya kwanza. Andika saa kwa namba za hospitali, na barua yenyewe kwa Kiingereza kama wodi inavyotumia. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

> Mvulana, miezi 26, kilo 11. Homa siku 3, degedege mara 1 usiku wa kuamkia leo. Amelegea lakini anameza. Pumzi 58, mbavu zinabonyea. Viganja vimepauka sana. Mkojo rangi ya chai tangu jana, nimeuona. Shingo inakunja. Sukari 3.4. mRDT chanya, alimaliza Coartem siku 12 zilizopita. Nadhani ni malaria kali na upungufu wa damu; nimonia sijaiondoa. Amepewa saa 10:40: artesunate mg 33, ampisilini mg 550 na jentamaisini mg 80, zote msulini, maji ya sukari ml 50. Dripu sikumwekea. Anahitaji damu na oksijeni. Aliyemleta ni bibi yake. Mama anakuja kutoka sokoni.

Piga simu wodini kabla boda boda haijawashwa, uulize kama damu ipo. Ikiwa haipo Jinja, ni afadhali ujue sasa kuliko jjajja ajue akiwa getini. Piga tena kesho yake asubuhi, uliza walimkuta na nini, na uliandike jibu lao kwa kalamu nyekundu kando ya jina uliloandika wewe.